Nyuso tano za ukutani: kisa cha kinyozi wa Mtwara na mabingwa wa uzito wa juu

Kinyozi mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, alitaka kuchorewa mabondia watano wakubwa kuliko wote wa uzito wa juu kwenye ukuta wa saluni yake. Mchoraji alikuwepo, rangi ilishanunuliwa, bei ya kila sura ilishakubaliwa. Kilichokosekana ni majina. Ubishi ulianza kama ubishi wowote wa kinyozini, ukakua hadi wateja wawili wakahamia saluni ya jirani kwa hasira, ndipo nikaitwa nisuluhishe, kwa sababu tu huwa nakumbuka tarehe.

Ukuta wenyewe ni sehemu ya kisa. Kinyozi ana mikorosho ya urithi Tandahimba, na kama wafanyabiashara wengi wadogo wa mji huu, husubiri minada ipite na malipo yaingie ndipo apake rangi, abadilishe kiti, anunue mashine nyingine. Safari hii alitaka picha. Upande unaotazamana na benchi la wateja una nafasi ya vichwa vitano vya ukubwa wa mtu. Wa sita angechorwa juu ya swichi ya taa. Ufinyu huo ulisaidia kuliko maneno ya mtu yeyote. Kijiweni ubishi wa mabondia haufiki popote kwa kuwa hakuna anayelazimika kumtoa mtu: wewe utamtaja wako, mimi nitamtaja wangu, orodha itarefuka, kahawa itaisha, kila mmoja ataondoka na bingwa wake mzima. Hapa kila aliyetaka kumwingiza mtu alitakiwa aseme nani atoke.

Mchoraji alijaribu kutuokoa mapema. Aliuliza kwa nini tusichore wa kwetu: Rashid Matumla, Francis Cheka, Hassan Mwakinyo aliyekwenda Birmingham mwaka 2018 akammaliza Sam Eggington raundi ya 2 mbele ya watu wake. Lilikuwa wazo zuri, na bado naona lilikataliwa haraka mno. Lakini hao wote ni wa uzito wa kati na majirani zake, na mwenye ukuta alishasema uzito wa juu. Kwake bondia ni mtu mkubwa. Tuliendelea.

Jioni moja, vipimo vitatu

Dereva wa bajaji ambaye hunyoa kila wiki ndiye aliyeanza, na alianza na Mike Tyson. Hakuna aliyeshangaa. Kumpenda Tyson ni rahisi kwa mtu aliyezijua ngumi kupitia simu. Tarehe 27 Juni 1988 alimmaliza Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kupigwa, kwa sekunde 91. Utalitazama pambano zima mara tatu na bando litabaki. Pambano la Larry Holmes na Ken Norton la Juni 1978 lilikwenda raundi 15, na utamu wake uko kwenye raundi ya 15 yenyewe, ambayo huielewi kama hukuziona zile 14 za mwanzo. Nani atanunua GB kwa ajili hiyo?

Upande wa pili alikuwepo mstaafu wa bandari ambaye sote tunamwita Babu. Babu ni wa Muhammad Ali, na alimpenda kwa masikio. Pambano lake na George Foreman, lile la Kinshasa, lilipigwa tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi usiku kwa saa za kule ili Wamarekani walipate kabla hawajalala. Kwetu jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, na haikuwa nayo hadi 1994. Watu wa rika la Babu walimpata Ali redioni, magazetini, na kwa masimulizi ya waliosimuliwa. Mapenzi ya namna hiyo hayana raundi mbaya.

Babu ndiye aliyeshika rungu kwanza. "Mjukuu wangu, huyo Tyson wako si alilazwa Tokyo na James Buster Douglas?" Ni kweli. Tarehe 11 Februari 1990, raundi ya 10, Tyson akiwa ameshinda mapambano yote 37 ya kabla yake. Kisha Babu akatoa sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyozaa kisa chote: bondia mkubwa hapigwi na mtu wa kuokotwa njiani.

Watu wakacheka, kijana akanyamaza. Kesho yake alirudi na simu mkononi. "Shikamoo Babu." "Marahaba." "Na Leon Spinks aliokotwa wapi?" Tarehe 15 Februari 1978 Ali alipoteza ubingwa kwa Leon Spinks, kaka wa yuleyule Michael wa sekunde 91, kijana aliyekuwa na mapambano 7 tu ya kulipwa. Babu alijibu kwamba Ali alikuwa na miaka 36, ameshaisha.

Hapo fundi simu wa kibanda cha pembeni, ambaye hakuwa amesema neno, alinyanyua uso kutoka kwenye kioo alichokuwa anabandika. Kama kosa ni kupigwa, alisema, mnabishania nini? Rocky Marciano alipigana 49 akashinda 49, na 43 kati ya hizo kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea. Namba moja ni yeye, tuhesabu wa pili. Babu na kijana, waliokuwa hawasikilizani, wakamgeukia kwa pamoja: Marciano alipiga wazee! Fundi hakubisha. Alisema sawa, basi umri unahesabika. Akamuuliza kijana Tyson alikuwa na miaka mingapi kule Tokyo.

Miaka 23. Kijana akasema Tyson hakuwa amejiandaa, mambo ya nyumbani yalikuwa yamevurugika, aliyekuwa akimwongoza mazoezini alishaondolewa.

Kwa hiyo jioni ile vipimo vilikuwa vitatu. Kwanza tulipima kwa kupigwa, kikamgusa Ali tukahamia umri. Umri ukamgusa Tyson tukahamia maandalizi. Kila kimoja kilikuwa na hoja ndani yake. Kilichoharibu ni kwamba kila mmoja alikitumia kipimo hadi kilipofika mlangoni kwake.

Kipimo kwanza, jina baadaye

Nilipoitwa nilitoa sharti moja: tukubaliane kipimo kabla ya kutaja jina, na kikishakubaliwa kipite juu ya kila mtu, akiwemo wa kwako. Walikubali upesi, kwa kuwa kila mmoja aliamini kipimo kitampenda yeye.

Cha "nani angempiga nani" tulikitupa bila kupoteza muda. Marciano alikuwa na urefu wa mita 1.79 na kilo kama 85. Leo uzito wa juu huanza pale kilo 90.7 zinapopita, kwa hiyo mizani ya leo ingemhesabu ni wa uzito wa chini yake. Joe Louis, bingwa wa miaka ya 1930 na 1940, katika marudiano na Mjerumani Max Schmeling alipima kama kilo 90. Ukifuata njia ya miili, ukuta utajaa Tyson Fury mwenye mita 2.06, Lennox Lewis, Wladimir na Vitali Klitschko, na historia yote ya kabla ya 1990 itafutwa kwa tambara. Na hata hapo kipimo hakisimami, maana Oleksandr Usyk, mdogo kuliko Fury kwa kila upande, alimshinda mara mbili mwaka 2024.

Cha kutopigwa tulikijadili zaidi, kwa heshima ya fundi simu. Faili la Marciano lisomwe vizuri. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1952, Philadelphia, Jersey Joe Walcott alimwangusha raundi ya kwanza, na hadi wanaingia raundi ya 13 majaji wote watatu walikuwa na Walcott mbele. Konde moja la kulia likamaliza kazi. Ni miongoni mwa nyakati kubwa za uzito huu na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini Walcott alikuwa na miaka 38. Mwaka mmoja nyuma yake Marciano alimsimamisha Louis mwenye miaka 37, aliyekuwa amestaafu akarudi ulingoni kwa madeni ya kodi. Ezzard Charles, aliyepigwa mara mbili mwaka 1954, alishapita kilele chake. Archie Moore wa 1955 alikuwa bingwa wa uzito wa chini yake, mwenye umri mkubwa, na bado alimwangusha Marciano raundi ya 2. Marciano alitetea mkanda mara 6 akaacha mwaka 1956. Hakukwepa mtu, aliwapiga waliokuwepo. Sifuri yake inathibitisha kwamba hakupigwa. Haituambii nani alikuwepo wa kumpiga. Fundi alisema hiyo ni dhuluma kwa mtu aliyefanya kila alichoambiwa afanye, na sikuwa na jibu la kumridhisha zaidi ya kwamba ukuta una vichwa vitano.

Tulichokubaliana kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: nani uliyempiga akiwa bado ni yeye mwenyewe, hajachoka, hajazeeka. Ya pili: ulikaa juu muda gani, na mara ngapi ulimkaribisha mtu aje akuondoe.

Ali aliyekuja Dar

Kabla hatujatumia kipimo chetu, akaingia mzee mwingine, mtu wa Msangamkuu anayevuka kila siku kuleta samaki Feri. Yeye na Babu ni watani, kwa hiyo sikujua mwanzoni kama anasema kweli au anamchokoza mwenzake. Alisema Ali asichorwe kabisa. Sababu: alikuja kutuzuia tusiende Moscow.

Vijana hawakuwa wanaijua habari hiyo. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika ashawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Alianzia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea, na waandishi wa habari walimhoji mpaka akaonekana kuyumba. Tanzania ilikuwa imesusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na Marekani haikususia. Sasa Marekani inatuma bondia kutuomba tususie kwa ajili yake. Tulikwenda Moscow. Filbert Bayi akaleta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5,000, na hadi Olimpiki ya Paris ya 2024 hatukuwa tumepata medali nyingine.

Babu aliumia, naye akajibu kwa vita vya Vietnam: Ali alikataa kujiunga na jeshi Aprili 1967, akavuliwa ubingwa, akafungiwa zaidi ya miaka mitatu kati ya umri wa 25 na 28. Mtu wa namna hiyo utamfuta kwa safari moja ya Dar?

Hapa nilimkatalia Babu, na nilimkatalia mtani wake pia. Kama Vietnam inampandisha Ali ukutani, basi Dar inamshusha, na kifungo cha Tyson cha 1992 hadi 1995 nacho kinaingia, na nusu ya mabingwa wa uzito huu watashindwa kupita mlangoni. Tuliamua nje ya ulingo kubaki nje. Kitu kimoja tu cha Vietnam kiliruhusiwa, nacho ni miaka yenyewe: mapambano ambayo Ali hakupigana katika miaka yake bora. Na papo hapo kikamnufaisha Louis vilevile, maana kati ya Machi 1942 na Juni 1946 hakutetea ubingwa hata mara moja. Mmoja alipoteza miaka kwa kukubali jeshi, mwenzake kwa kulikataa. Mzee wa Msangamkuu alisema amekubali, lakini samaki wa Babu siku hiyo walipanda bei.

Ali alipita bila kupigiwa kura. Mwaka 1964 alimchukulia ubingwa Sonny Liston, aliyekuwa amemlaza Floyd Patterson raundi ya kwanza mara mbili. Joe Frazier alimshinda 1971. Ali akamrudia 1974 na 1975. Norton alimvunja taya Machi 1973. Akamrudia Septemba mwaka huohuo. (La tatu na Norton, la 1976, walimpa Ali, mimi ningempa Norton.) Lakini uzito wote uko Kinshasa. George Foreman alifika pale akiwa ameshinda 40 kwa 40, 37 kwa KO, umri miaka 25. Frazier na Norton, wale wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali, Foreman alikuwa amewamaliza kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ali alimwangusha raundi ya 8. Kwa sehemu ya kwanza ya kipimo chetu, hakuna usiku mwingine wa uzito huu unaoukaribia.

Louis naye alipita, ingawa Babu alinuna kidogo akisema huyo hamjui. Kijana alifurahi kumsikia akisema hivyo, kwa kuwa ndiyo lawama anayopewa yeye kila siku. Louis alishika ubingwa kuanzia Juni 1937 hadi Machi 1949, akautetea mara 25, idadi ambayo hakuna mwingine wa uzito wa juu aliyeifikia. Wengi wa wapinzani hao walikuwa dhaifu, hilo nililisema wazi. Kuna kipindi alipigana karibu kila mwezi na watu ambao leo wasingepata hata nafasi ya utangulizi. Walcott alimwangusha mara mbili Desemba 1947 na uamuzi wa kumpa Louis ushindi ukazomewa. Lakini Walcott huyo alipewa marudiano, akalala raundi ya 11. Max Schmeling alimpiga Louis mwaka 1936 kwa raundi 12, Louis akiwa na miaka 22. Marudiano ya Juni 1938 yaliisha kwa dakika 2 na sekunde 4.

Foreman alipita wa tatu. Januari 1973, Kingston, Frazier akiwa hajapigwa na mtu na ana miaka 29, Foreman alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Novemba 1994, miaka 20 baada ya Kinshasa, akiwa na miaka 45 na nyuma kwa pointi, alimlaza Michael Moorer raundi ya 10 akarudisha ubingwa. Moorer hakuwa amepigwa na mtu, na alikuwa na miaka 26.

Mlolongo wa wazee

Mimi ndiye niliyemleta Holmes, na mezani hakuna aliyemtaka. Alichukua mkanda kwa Norton Juni 1978, akaushikilia miaka 7, akautetea mara 20. Mwaka 1979 Earnie Shavers alimwangusha kwa konde la kulia ambalo wengi wasingeinuka. Aliinuka, akamsimamisha Shavers raundi ya 11. Ngumi yake ya kushoto iliyonyooka ni bora kuliko ya yeyote niliyemtazama, Ali akiwemo. Hakupigwa hadi pambano la 49, na kufikia hapo alikuwa na miaka 35.

Kijana akatoa kete yake. "Mwalimu, huyo Holmes si Tyson alimlaza?" Kweli, Januari 1988, Atlantic City, raundi ya 4. Babu akadakia kumuunga mkono. Babu hampendi Holmes hata kidogo, kwa sababu tarehe 2 Oktoba 1980 Holmes ndiye aliyempiga Ali hadi kocha Angelo Dundee akasimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Kwa mara ya kwanza tangu ubishi uanze, Babu na dereva wa bajaji walikuwa upande mmoja.

Niliomba karatasi, nikaandika mapambano manne, moja chini ya jingine. Marciano na Louis, 1951: Louis ana miaka 37, ametoka kustaafu. Holmes na Ali, 1980: Ali ana miaka 38, hajapigana kwa miaka miwili. Tyson na Holmes, 1988: Holmes ana miaka 38, hajapigana kwa karibu miaka miwili. Lewis na Tyson, Juni 2002: Tyson anakaribia miaka 36, raundi ya 8.

Ni pambano lilelile linalorudiwa. Bondia aliye kwenye nguvu zake anapewa bingwa wa zamani, jina bado kubwa, miguu imekwisha, na watu wanalipa kwa sababu ya jina. Nikawaambia wachague. Yote yahesabiwe, au yasihesabiwe hata moja. Yakihesabiwa, Tyson kweli ni mkubwa kuliko Holmes; lakini hapohapo Holmes ni mkubwa kuliko Ali, na Lewis ni mkubwa kuliko wote watatu. Yasipohesabiwa, ushindi wa Tyson juu ya Holmes unatoka kwenye faili la Tyson, na Holmes anabaki na miaka yake saba.

Kijana aliona upesi lilipomwelekea. Babu alichukua muda. Alitaka nisome tena, nikasoma. Alitaka kujua kama kuna namna ya kutouhesabu ushindi wa Holmes juu ya Ali huku ule wa Tyson juu ya Holmes ukihesabiwa, na aliuliza kwa njia tatu tofauti. Hakuna. Kumlinda Ali na kipigo cha 1980, ilibidi amlinde Holmes na kipigo cha 1988. Mwishowe akasema Holmes aingie, lakini akamgeukia mchoraji akamwomba wasiwekwe jirani. Mchoraji alikubali, ndiyo maana leo Ali yuko kulia kabisa na Holmes kushoto.

Karatasi ileile ilimwumiza Lewis, na hilo halikunifurahisha, maana namheshimu. Kila mtu aliyewahi kupambana naye katika ngumi za kulipwa, Lewis alimshinda: Oliver McCall na Hasim Rahman waliomwangusha, wote aliwarudia akawamaliza. Lakini majina yake mawili makubwa ni Tyson anayekaribia 36 na Evander Holyfield mwenye 37. Jack Johnson naye alikwama hapohapo kwa njia nyingine. Alichukua ubingwa Sydney mwaka 1908, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito huu, akamvunja Jim Jeffries mjini Reno tarehe 4 Julai 1910, na alipigana akiwa na nchi nzima dhidi yake. Ila Jeffries alikuwa ameacha ngumi kwa miaka, na Johnson akiwa bingwa hakumpa nafasi Sam Langford, mweusi mwenzake na mpinzani mkali kuliko weupe aliowachagua.

Nafasi ya tano

Kwa kipimo tulichokubaliana, wa tano ni Frazier. Tarehe 8 Machi 1971, Madison Square Garden, Ali alikuwa na miaka 29, ameshinda 31 na hajapigwa, na Frazier alimshinda kwa pointi akimwangusha raundi ya 15. Foreman alimdhalilisha mara mbili, sawa. Lakini mtu aliyempiga Ali wa miaka 29 ana kitu ambacho Tyson hana. Tyson alishinda 50, KO 44, na bado ni bingwa mdogo kuliko wote wa uzito huu, miaka 20 na miezi minne usiku alipomlaza Trevor Berbick. Kwa miezi 19, tangu Novemba 1986 hadi Juni 1988, alikuwa wa kutisha kuliko yeyote. Baada ya hapo alipigwa mara 7, na hakuna hata kipigo kimoja alichokilipa. Ukitoa Holmes, mtu mkubwa aliyempiga akiwa bado ni yeye ni Michael Spinks, na Spinks alipanda kutoka uzito wa chini.

Kinyozi alisikiliza yote, akashukuru, akaagiza Tyson achorwe. Sababu zake zilikuwa za kibiashara na hakuzificha: vijana ndio wanaonyoa kila wiki, na Babu ana upara. Frazier, alisema, hakuna atakayemtambua, na tayari amekubali Holmes ambaye hakuna anayemtambua. Rangi ni yake, ukuta ni wake, nami pingamizi langu linabaki palepale. Alichofanya ni kuamua swali jingine, nani anavuta wateja, na hilo ni swali halali kwa mwenye saluni. Ila watu wasiambiwe kwamba ndilo tulilolijibu.

Wateja walianza kuuliza Holmes ni nani, ikabidi mchoraji arudi aandike majina chini ya kila sura, kwa malipo ya ziada.

Fundi simu, aliyempoteza Marciano wake, sasa anadai Usyk. Faili la Usyk ni fupi lakini limeshiba: hadi Julai 2025 alikuwa na mapambano 8 ya uzito wa juu, na 6 kati ya hayo ni Anthony Joshua mara mbili, Fury mara mbili, Daniel Dubois mara mbili, yote ameshinda, na Fury wa Mei 2024 hakuwa amepigwa na mtu. Akiacha leo, ningemweka nyuma ya Frazier kwa uchache wa mapambano, na mbele ya Tyson. Kijana wa bajaji anasema haiwezekani, Usyk ametokea uzito wa chini, si mzito wa kweli. Nilimuuliza Holyfield, aliyemsimamisha Tyson raundi ya 11 mwaka 1996, alitokea uzito gani.